Pasi ya Nasiban

Wa kwanza kuona alikuwa Mehrun. Aliingia jikoni asubuhi kukanda unga wa roti, akaukuta umeshakandwa na kufunikwa kitambaa kibichi, na majivu ya jana yameshazolewa. Akamsifu binti yake.

Rizwana, aliyekuwa akitafuta viatu vyake vya kazi, akacheka. "Mimi, mama? Tangu lini nikaamka kabla yako?"

Azmat Ali, mume wa Mehrun, hakuwa na habari na unga. Akili yake yote siku hizo ilikuwa kwenye makaratasi. Alikuwa ameendesha treni ya miwa hapo Labasa miaka thelathini na moja, mpaka mgongo ukamstaafisha, na sasa alikuwa na kazi moja tu, wasia wa marehemu baba yake. Amtafute Nasiban, mama wa babu yake, kibarua aliyeletwa Fiji kutoka India kwa mkataba wa miaka mitano. Kila mtu katika ukoo alilijua jina hilo. Kaburi lake hakuna aliyelijua. "Kamsomee Fatiha," baba alimwambia, na yakawa maneno yake ya mwisho.

Basi Azmat alipanda meli hadi mji mkuu, Suva, akaketi siku mbili katika ofisi ya kumbukumbu, na mama mmoja wa Kifiji aitwaye Sereana akamtolea pasi ya Nasiban, hati yake ya kusafiria: namba, kijiji, umri miaka ishirini na miwili. Alirudi na nakala yake kama mtu aliyeshinda kesi. Akaitundika ukutani, juu ya meza ya chakula.

Unga ulianza kukandwa kesho yake.

Kisha uwanja ukawa unafagiwa. Mchana, jua likiwa utosini na wote wamo ndani, walisikia ufagio wa njukuti za mnazi ukikwaruza taratibu toka mlangoni hadi kwenye tangi la maji. Mehrun akitoka, alikuta mistari ya ufagio mchangani na harufu ya mafuta ya haradali, ambayo hakuna aliyekuwa akijipaka. Wiki ya pili ikawa panga. Kabla tu ya magharibi lilisikika kwenye miwa nyuma ya nyumba, pigo moja, kimya, pigo jingine, bila haraka, kama mtu anayejua kuwa kazi haiishi. Na Azmat alipokwenda kutazama alikuta safu tatu zimekatwa na kulazwa sawasawa, majani upande mmoja, na kwenye shina la mwisho utomvu ulikuwa bado unatiririka.

"Baba Rizwana," Mehrun alinong'ona usiku ule, "hicho ulicholeta ndani ya nyumba yangu ni nini?"

"Nimeleta karatasi, Mehrun. Karatasi tu."

Siku ya Alhamisi Sereana, aliyebaki Suva akimtafutia kaburi, akapiga simu.

"Mzee wangu, umekaa?"

"Nimekaa. Umeliona kaburi?"

"Nimeliona. Alikufa kwa kuhara damu, mwaka 1897, miezi mitano baada ya kushuka melini. Alizikwa hukohuko shambani, karibu na Wainikoro."

Azmat akacheka kidogo. "Huyo mwingine, mama. Babu yangu kazaliwa 1904."

"Namba ya pasi ni ileile. Sikiliza. Cheti cha ndoa, 1902: Nasiban, miaka ishirini na miwili. Kuzaliwa kwa babu yako, 1904: mama Nasiban, ishirini na miwili. Mtoto wa mwisho, 1919. Ishirini na miwili."

"Makarani walikuwa wananakili tu."

"Na mimi nilijipa moyo hivyohivyo. Lakini makarani watatu, mzee wangu, na walimwona kwa macho." Sereana alishusha sauti. "Nimefungua na daftari la kazi. Siku aliyozikwa, ameandikwa amekata miwa. Kesho yake pia. Miaka mitano hakukosa hata siku moja. Hakuugua. Na cheti cha kifo cha huyu wa pili sikioni. Nimetafuta, wallahi ningesema kama ningekuwa Mwislamu kama wewe. Hakipo."

Azmat akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake Kulsum, bikizee wa miaka themanini na saba. Alipomtajia jina, bikizee alimziba mdomo kwa kiganja.

"Usimwite! Unadhani kwa nini baba zetu walikuwa wakimtaja kwa kunong'ona?"

"Shangazi, ulimwona?"

"Alikuwa bibi yangu, na uso wake ulikuwa kama wa dada yangu mdogo. Alifanya kazi kutwa na hakutoka jasho. Alitupenda, Azmat. Hilo ndilo lilitutisha. Siku moja aliingia kwenye miwa na panga lake, hakutoka. Hakuna aliyekwenda kumtafuta. Tulichinja mbuzi tukashukuru, baba yako tu akabaki na majuto. Na wewe umekwenda kumtafuta!"

Wakamleta maulana Rasheed, mtu mzima, mpole, aliyekwisha kutoa majini kwa nusu ya bonde lile. Alasiri ya Jumapili aliwaketisha wote sebuleni, shangazi naye yumo, akaichana pasi, akaichoma juu ya makaa, akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Mwanzoni lilikuwa joto tu. Azmat alidhani ni makaa, kisha joto likamwingia kifuani, likapanda shingoni, likashuka hadi kwenye kucha, na akataka kusema maulana ngoja kidogo lakini kilichotoka kinywani mwake kilikuwa ukelele wa kike, na alipogeuka alimwona Rizwana ameanguka chini akijikuna shingo, na shangazi Kulsum, asiyeweza hata kuinua kikombe, amepinda mgongo kama upinde, na vinywa vyao vyote vitatu vikilia kwa sauti moja, "Ni wangu! Ni wangu! Unawatoa uwapeleke wapi?" na katikati ya kilio hicho Mehrun ameketi peke yake kwenye kiti chake, salama, hana hata kijasho, akiwatazama.

Maulana alinyamaza. Joto likakatika papo hapo.

Alikusanya vitu vyake upesi. "Ndugu yangu," alisema, bila kumtazama Azmat usoni, "mimi humtoa jini katika mtu. Ninyi mmetoka kwake. Nikiendelea kusoma, nitamtoa nani, nimwache nani?" Hata chai hakunywa.

Shangazi Kulsum alifariki siku ya tatu. Azmat hakuweza kukaa karibu na waliokuwa wakimsomea. Alisimama barabarani, mikono masikioni.

Mehrun hakukata tamaa upesi. Jioni moja alijifungia chumbani na msahafu, akasoma kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mume na mwana. Azmat alivumilia aya mbili. Ya tatu ilimpeleka mlangoni kwa magoti.

"Mama Rizwana, tafadhali. Inatuchoma."

Ndani kisomo kikakatika. Kisha akamsikia mkewe akilia, na msahafu ukifungwa.

Azmat akashusha pumzi. Chumba cha pili, Rizwana naye akashusha pumzi. Na jikoni, ambako hapakuwa na mtu, wa tatu akashusha ya kwake, ndefu, ya kuridhika, kisha akaanza kuchambua mchele.