Zamu ya Yaritza

Kila asubuhi nyumbani kwetu mjini Kissimmee, kabla hata ya kahawa, Mami humvuta dada yangu Yaritza kope za chini na kumchunguza macho. Yaritza ana selimundu, ugonjwa wa damu. Ni lazima anywe maji mengi na asikae juani muda mrefu. Akipuuza, maumivu humshika mifupani na sote tunahamia hospitali.

Jumamosi ya kwanza ya likizo tulikwenda kwenye bustani ya michezo pamoja na binamu yetu Joel, mtoto ambaye mdomo wake haupumziki. Langoni Mami alieleza hali ya Yaritza. Wahudumu wakampiga picha na kuweka kwenye simu ya Mami pasi yake, ya wasioweza kusimama foleni. Kuanzia hapo, kila tulipofika kwenye mchezo tulipewa saa ya kurudi. Foleni ikiwa ya saa nzima, Yaritza naye alingoja saa nzima, ila kivulini, na chupa yake ya maji. Hakumpita mtu. Nilimvulia kofia aliyebuni mpango ule.

Alichokitamani zaidi ni treni ya mlimani, ile inayopanda na kushuka kwa kasi. Aliiwaza tangu Krismasi, alipolazwa wiki mbili. Tulipewa saa nane na nusu. Saa nane miguu ikaanza kumuuma, na Mami akampeleka chumba cha huduma ya kwanza alale kwenye ubaridi. Mimi nilipewa simu ya Mami nikalipie chakula.

"Pasi unayo mkononi," Joel akaninong'oneza. "Twende tukapande. Muda ukipita inapotea bure."

"Lakini ni ya Yaritza."

"Kwani treni itakuuliza? Acha woga, Wilmer."

Nikaenda. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye mvi, jina lake Delphine limebandikwa kifuani. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu binti yuko wapi?"

"Yuko chooni, anakuja."

"Sawa, wanangu. Tutamngoja." Akaleta kiti, akakiweka mbele ya feni. "Jua la leo kali. Akija apumzike kwanza. Treni haitamwacha."

Dakika zikapita. Bi Delphine alichungulia njiani mara tatu, akimtafuta dada yangu kwa dhati, na mimi niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

"Bibi, haji," nikasema. Joel alinikanyaga mguu. "Nimekudanganya. Ameumwa, amelala. Hajui kama tumechukua pasi."

Uso wake ukabadilika. "Unajua naruhusiwa kuifuta? Dada yako asingepanda chochote tena leo."

"Kosa ni langu, bibi. Tafadhali usimnyang'anye yeye."

Akabonyeza kidude chake cha kukagulia pasi. "Umesema mwenyewe, basi siifuti. Akipata nafuu, aje saa yoyote kabla hatujafunga. Nyinyi wawili mkitaka kupanda, foleni ile pale."

Nilimweleza Mami kila kitu. Saa kumi na moja Yaritza aliamka akiwa na nguvu, akaenda na Mami mpaka kwa Bi Delphine. Mimi na Joel tulikuwa kwenye foleni ya kawaida, jasho likitutiririka. Treni ikapita juu yetu, Yaritza akiwa kiti cha mbele, mikono juu, akicheka kwa sauti. Sijawahi kufurahi hivyo kwa mchezo ambao nilikuwa sijaupanda. Hata Joel alipiga makofi.

Tulisimama kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Tuliposhuka, Mami alitupa maji kwanza, ndipo akasema.

"Mmechoka, na kesho mtakuwa mmesahau. Yaritza angesimama hivyo, leo usiku angekuwa kwenye dripu. Hii pasi si zawadi, wanangu. Inampa nafasi ya kucheza kama nyinyi. Anayeidanganya anawaibia watoto wagonjwa, maana wakizidi waongo, wahudumu watakoma kuwaamini wagonjwa wa kweli. Wilmer, ulikosea. Lakini ulisema ukweli wakati uongo ungali mdogo, na ndiyo maana dada yako amepanda treni."

Yaritza alinisogezea chupa yake. "Kunywa," akasema, "halafu unisimulie hiyo foleni. Mimi sijawahi kusimama."