Nilimkana Mume Wangu kwa Kiamu

Nina miaka thelathini na minne. Ni Mkristo, mama wa mtoto mmoja, na mume ninaye. Natangulia kusema mume ninaye ili msije mkadhani nawaandikia habari za ujane... Yuko hai. Ninapoandika haya amekaa barazani hapa Wiyoni anamenya machungwa. Lakini mimi nilishamzika, wasomaji wenzangu. Nilimzika kwa neno moja, mchana kweupe, mtoto wetu akiangalia.

Sisi ni Wataita. Tulikuja Lamu kwa sababu ya kazi ya mume wangu, Daudi, ambaye ni muuguzi. Alipewa zahanati ya kijiji kimoja cha bara, karibu na Mkokoni. Jina la kijiji nalihifadhi. Mimi nilipanga chumba Wiyoni, mjini Lamu, ili binti yetu Neema asome, na shule zikifungwa tunamfuata baba yake.

Siku hizo hali ilikuwa mbaya. Tulikuwa tukisikia watu wamesimamishwa njiani na wenye silaha, wakaulizwa dini, na aliyejibu vibaya hakufika alikokuwa akienda. Mama yangu alipiga simu kila wiki akilia turudi nyumbani. Daudi alikuwa na jibu moja tu: hawa wagonjwa nimwachie nani? Alipokuwa nyumbani hakuna aliyekula kabla hatujasali pamoja. Mimi nilisali, ndiyo, lakini sikio moja lilikuwa mlangoni.

Woga ni mgeni asiyeaga. Ulianza na msalaba wetu mdogo wa ukutani. Niliutoa nikasema umeingia mchwa. Halafu Biblia nikaitia kwenye pipa la mchele. Halafu kila Jumapili kichwa kikaanza kuniuma, tena kiliuma kweli, maana mtu akijidanganya sana hata mwili humwamini! Nikanunua buibui. Daudi akadhani ni kwa ajili ya heshima ya mji.

Halafu nikajifunza Kiamu, Kiswahili cha wenyeji wa Amu, yaani Lamu. Aliyenifundisha ni jirani yangu, Bi Zainabu, mama mwenye roho safi ambaye kila Ijumaa alimletea Neema sahani ya wali. Tulikaa uani tukikuna nazi, naye akinisahihisha. Maji ni mayi, mwenzangu. Njoo ni ndoo. Sijui ni siyui. Alicheka hadi machozi nilipokosea, na alijivuna mbele ya wenziwe kwamba Mtaita wake sasa ni Mwamu. Angejua nakitafutia nini Kiamu chake... Mama wa watu alikuwa akinipa lugha ya kuishi naye, mimi nikaifanya mahali pa kujifichia mbali naye na watu wake.

Kubwa zaidi ni hili. Nilimfundisha mtoto wa miaka sita kwamba akiulizwa na mtu asiyemjua, yeye ni Khadija. Nilisema ni mchezo wetu mimi na yeye, baba asiambiwe.

Daudi aliligundua alipokuja mapumziko. Alimwita Neema kwa sauti nzito, kwa utani, akajifanya askari: wewe mtoto, jina lako nani? Neema akajibu Khadija, bila kusita. Daudi akaniambia taratibu, "Mama Neema, huyu ukimfundisha kuogopa jina lake, siku moja hatajua yeye ni wa nani."

Nami na mdomo wangu huu nikamjibu, "Bora mtoto hai asiye na jina kuliko marehemu mwenye jina."

Nililipenda jibu langu. Nilitembea nalo kifua mbele wiki nzima.

Shule zikafungwa, tukavuka kwenda kwa Daudi. Siku ya nne ilikuwa siku ya kupima watoto uzito, na zahanati ilijaa kina mama tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa na Neema kwenye benchi la nje, ndani ya buibui langu. Saa nne hivi wanaume sita wenye bunduki wakatokea upande wa msitu. Hawakukimbia. Walikuja kama watu wanaokwenda dukani.

Walitaka dawa. Wakaingia stoo wakabeba makatoni. Halafu mkubwa wao akauliza daktari yuko wapi. Sikilizeni walivyofanya watu wa kijiji kile: kabla hajauliza, mama mmoja alikwisha kumvua Daudi koti lake jeupe akalikalia, akamsukuma akae baina ya wazee waliokuja na vifua vyao vya kukohoa. Wote wakajibu sauti moja kwamba daktari kenda Amu tangu jana. Hakuna aliyemtoa. Watu ambao mimi nilikuwa nikijificha kwao walimficha mume wangu!

Ingeishia hapo. Lakini Neema ni mtoto. Aliogopa, akaniponyoka mkononi, akaenda kumng'ang'ania baba yake mguu.

Yule mkubwa akainama akamuuliza jina. Neema akasema Khadija, sawasawa nilivyomfundisha. Akaulizwa mama yake ni nani, akaninyooshea kidole. Yule mtu akanigeukia, akanikagua, buibui na ushungi, akaridhika. Akamwonyesha Daudi, akauliza kwa upole kabisa, "Na huyu ni nani wako?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapolala na ndipo ninapoamkia. Kama ningesema ni mume wangu, yangeisha. Ningelisema kwa Kiamu changu kile kile, naye angepita kama mume wa Mwamu, baba wa Khadija. Ukweli ndio ungemficha. Neno la kweli moja tu!

Nikasema, "Simuyui."

Nikaongeza, kwa hiari yangu, bila kuulizwa, kwamba mtoto huyu ana mazoea na kila mtu. Nikaenda nikamtoa Neema vidole kwenye suruali ya baba yake, kimoja kimoja.

Kwa hiyo akabaki mgeni asiye na mtu. Yule mkubwa akamwambia asimame, akamuuliza wewe ni wa wapi na dini yako ni ipi. Daudi alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira... Alinitazama kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Kisha akasema yeye ni Mkristo.

Bunduki ikainuliwa. Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimemziba Neema uso kwa buibui.

Aliyesema ni Bi Mwanaisha. Huyu ni bibi wa Pate aliyeolewa kijijini hapo, na Daudi alikuwa amemuuguza kidonda cha mguu miezi mingi. Aliinuka na mkongojo wake akaja akamshika Daudi mkono. Akasema, "Huyu mwanangu. Mimi namuyua. Mwamutaka ya nini?"

Yule mtu akamwambia bibi, si umesikia amesema yeye ni Mkristo? Bi Mwanaisha akajibu kwamba hakumuuliza mwanawe huyo dini siku alipokuwa akimwosha yeye usaha wa mguu, na hatamuuliza leo. Kina mama wakaanza kusogea, na watoto wao mgongoni, mpaka Daudi akawa katikati yao. Wanaume wale wakabishana. Halafu mashine ya boti ya askari ikasikika upande wa bahari, wakabeba makatoni yao wakarudi msituni.

Hakuna aliyenisema. Bi Mwanaisha alinishika bega akaniambia, "Wewe ulikuwa na mtoto, mwanangu." Alinitafutia udhuru kabla sijajitafutia mwenyewe. Daudi alihamishiwa Lamu, tukarudi kukaa pamoja, na usiku wa kwanza alisema amenisamehe. Naamini amenisamehe. Tunasali, tunacheka hata. Ila tangu siku ile haniiti Mama Neema, wala kwa jina langu. Husema tu, "Samahani, chumvi."

Ijumaa Kuu mimi hutoka kanisani kabla halijasomwa somo la mwanafunzi aliyemkana Bwana wake, jogoo akawika. Jogoo wa Bi Zainabu akiwika nafunga dirisha. Yeye hudhani sipendi kelele.

Juzi nilimkuta Neema anacheza na vikaragosi vyake viwili vya kitambaa. Kimoja kilikiambia kingine simuyui. Akaniona, akaacha, akauliza, "Mama, wakija tena, mimi utaniyua?"

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaolea watoto mahali penye hofu. Sisemi mtafute kufa, wala siwahukumu mliokimbia. Lakini msifanye mazoezi ya kukana. Mimi nilidhani naficha dini tu, kumbe mdomo ukizoea kukana hauchagui tena... Siku ya siku hutoa lile ulilolifanyia mazoezi. Rudisheni msalaba ukutani. Salini pamoja na masikio yote mawili. Na jirani mwema mkiwa naye, mwambieni hofu yenu. Pengine yeye ndiye atakayesimama.

Siku hizi kila asubuhi, kabla ya chai, namshika binti yangu mashavu namwambia, "Neema binti Daudi, nakujua."

Naye huuliza, kila siku, "Na baba?"

"Na baba namjua," nasema, kwa sauti, asikie.

Daudi anakoroga chai yake. Bado hajainua uso.