Jina Kwenye Mkia wa Tangazo

Jua lilikuwa linazama, na Mama Mikia alishavaa viatu vya kuondokea, pale mteja alipoingia bila hodi.

Ofisini walimwita Mama Mikia kwa sababu ya kazi yake. Kila kiungo cha tangazo kinachokwenda mtandaoni, yeye hukipachika neno dogo mwishoni. Huo ndio mkia. Mtu akibofya, ripoti inasoma ule mkia na kusema katokea wapi: ukurasa wa habari, kundi la akina mama, au video ya vichekesho. Ni kazi ya macho na subira, na subira yenyewe Mama Mikia hakujaliwa.

"Tumefunga," alisema.

"Mbona mlango uko wazi?" Mteja akavuta kiti, akaketi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Alinuka kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Akasukuma simu mezani. Picha moja tu: kiganja kilichokunjuliwa. Chini yake neno moja: Njooni.

"Unauza nini?"

"Siuzi."

"Sasa unatangaza nini, mama?"

"Wewe pachika mkia. Nataka kujua wanapitia wapi."

Mama Mikia alimeza tusi. Watu wengine bwana! Lakini bora kumalizana naye upesi. Binti yake wa miaka sita alikuwa na homa tangu jana, mume yuko safarini, na aliyebaki na mtoto ni mama mkwe, ambaye hawakuwahi kupikika naye chungu kimoja. Moyo ulikuwa nyumbani, vidole viko kazini.

Sasa, mafundi wa kazi hii wana mazoea yao. Kabla ya kurusha tangazo, hukijaribu kiungo kwa mkia wa uongo, wakiona umeshika wanaufuta na kuweka wa kweli. Wengine huandika "jaribio". Mama Mikia, tangu ajifungue, huandika Kipusa, jina la nyumbani la binti yake. Vidole vilishalizoea.

Akaandika. Akajaribu. Mkia ukashika.

Na jioni ile, kwa haraka na kwa ile harufu, hakuufuta. Akarusha.

Mteja akatabasamu. "Mlango mdogo," alisema, "lakini unapitika."

Mama Mikia akatazama ripoti.

Mbofyo mmoja. Chanzo: kipusa.

"Ala! Nimekosea. Ngoja nibadilishe."

Mibofyo minne.

Tisa...

Tangazo halijamaliza hata dakika! Akaangalia safu ya aina ya simu. Tupu. Akaangalia safu ya mji. Tupu. Mtu asiye na simu wala mji anabofyaje?

Kumi na saba.

Simu yake ikalia. Mama mkwe. Akaiweka mezani, sauti wazi, mikono ikiwa bado kwenye vibonyezo.

"Wewe! Umempa nini huyu mtoto?"

"Kwani ana nini?"

"Anaongea."

"Si homa hiyo, mama..."

"Anaongea kwa sauti ya mwanamume. Sasa ya kikongwe. Sasa... we Kipusa, nyamaza!"

Nyuma yake, kutoka kwenye kifua kidogo cha mtoto, ikaja sauti nzito, yenye mikwaruzo.

"Tupisheni. Tunapita."

Ishirini na sita.

Mama Mikia akarukia vibonyezo. Akabofya "sitisha". Tangazo likagoma. Akabofya tena. Likagoma. Akafuta mkia, kisanduku kikawa chekundu: lazima kijazwe. Akaandika "jaribio". Herufi zikafifia mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine, na jina la mwanawe likarudi.

"Neno tupu hawalipiti," mteja alinong'ona. "Wanataka jina la mwenye pumzi."

"Zima tangazo lako, mchawi mkubwa we!"

"Halizimiki. Linabadilishwa mlango tu."

"Basi nitaandika la kwako!"

"La kwangu limeshajaa."

Mama Mikia akaanza kuandika la kwake mwenyewe. Herufi mbili... vidole vikasimama. Alimpenda mtoto wake kuliko roho yake, hilo Mungu anajua. Lakini aliogopa. Aliogopa mno.

Simuni mtoto alikohoa, akakwama, pumzi ikakatika. Mama mkwe alikuwa analia sasa. "Kimbia uje! Mtoto anakufa mikononi mwangu!"

"Andika la mwingine," mteja akasema. "Yeyote."

Arobaini na moja.

Mama Mikia akaandika.

Jina lilikuwa fupi. Halikuchukua muda.

Simuni pakawa kimya. Kisha kilio, kilio cha Kipusa mwenyewe, chembamba, cha deko. "Bibi... nataka maji." Kisha tena: "Bibi?"

Bibi hakujibu.

Mteja akainuka, akaweka mtandio wake sawa, akaaga vizuri tu kama mtu yeyote aliyehudumiwa. Mama Mikia alishafika nje, anakimbia, kiatu kimoja kimemvuka.

Alimkuta Kipusa kitandani, jasho limemtoka, homa imeisha. Akamkumbatia hadi mtoto akalalamika anaumia.

Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Kinywa kimeachama. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti, haraka haraka, na koo linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Chumba kizima kilinuka nguo mbichi.

"Mama," Mama Mikia aliita.

Midomo ikatulia. Yule mama akageuza macho, na yalikuwa macho yake, yamejaa machozi. Akasema kwa tabu, kama mtu anayezuia mlango kwa bega.

"Simu hukukata. Nilimsikia mteja wako aliposema 'yeyote'. Nikawa nasubiri nikusikie ukikataa."

Kisha kinywa kikafunguka tena, na mwingine akaanza kupita.