Nani Alitunga Jumba Chini ya Barafu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mezani kwetu mambo yalikuwa kinyume. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza, na Jumamosi ya kumi na nne bado nilikuwa mgeni.

Jembe lenyewe lilikuwa penseli.

Kila Jumamosi niliamka alfajiri kumsaidia baba kukamua ng'ombe. Tukimaliza, nilinawa mikono mara mbili ili isinuke zizi, nikavaa buti, nikatembea kwenye theluji hadi maktaba ya mji wetu mdogo wa Wisconsin. Katika chumba cha chini kabisa, karibu na tanuri la kupasha joto jengo, walikaa wavulana watatu: Duane Kowalke, mwenye miaka kumi na minne, na ndugu wawili, Curt na Lyle Novotny. Mimi, Maren Bakke, nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mchezo wetu ulikuwa wa maneno. Duane alikuwa msimulizi: alieleza pango, mlango, au zimwi lililolala. Sisi wengine kila mmoja alikuwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Ulisema mhusika wako anafanya nini, kisha ukarusha dadu lenye pande ishirini kuona kama amefaulu.

"Wewe chora ramani," Duane aliniambia siku ile ya kwanza. "Wasichana mna mwandiko mzuri."

Nikachora. Mhusika wangu aliitwa Hild, mpiga mishale. Kila walipofika kwenye pango, Curt alisema, "Hild abaki nje alinde punda. Lazima mtu alinde punda, bwana!" Wavulana wakaingia ndani kupigana na mazimwi, nami nikachora vyumba ambavyo Hild hakuwahi kuvikanyaga. Kuna siku nilikaa saa tatu bila kugusa dadu. Nilihesabu mabomba ya dari. Yalikuwa kumi na saba.

Shuleni sikuwa na mtu wa kumweleza. Wasichana wenzangu walinicheka: "Maren anacheza mazimwi na wavulana!" Nyumbani mama aliuliza, "Mmefurahi leo?" Nikajibu ndiyo, nikapanda chumbani.

Huko chumbani ndiko nilikoanza kutunga mchezo wangu mwenyewe. Niliuita Jumba Chini ya Barafu. Wazo lilitoka ziwani, kwenye kibanda ambamo mimi na baba huketi tukivua samaki kupitia tundu la barafu. Nilijiuliza: je, kama huko chini kuna mtu anayetutazama? Nilichora vyumba kumi na viwili kwenye karatasi ya miraba, nikaandika hatari na njia za kutokea. Ilinichukua majuma saba.

Nilimpa Duane bahasha bila kusema neno. Jumamosi iliyofuata alituongoza humo. Alipokwama, aliinua macho kunitazama, nami nikamnong'oneza jibu. Curt alipiga meza kwa furaha. Lyle, ambaye huwa hasemi, alisema, "Huu ndio mchezo bora tuliowahi kuucheza."

"Tuupeleke Milwaukee!" Duane akasema. Mwezi wa nne kulikuwa na tamasha la michezo huko, na kila klabu iliruhusiwa kuleta mchezo mmoja mpya. Mtunzi angeusimulia mbele ya watu, na jina lake lingechapishwa kwenye kitabu cha tamasha. Usiku huo sikulala kwa furaha.

Juma lililofuata Duane alinipa jalada. "Mpelekee Bi Pruitt atoe kopi tano. Wewe anakupenda."

Nililisoma nikiwa kwenye ngazi. *Jumba Chini ya Barafu. Umetungwa na Duane Kowalke, Curt Novotny na Lyle Novotny.* Chini, kwa herufi ndogo: *Shukrani kwa Maren, kwa mwandiko.*

Niliendelea kupanda. Chini walikuwa wakicheka. Juu kulikuwa kimya.

Bi Pruitt, mkutubi wetu, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alichukua karatasi, akaitazama ramani kwa makini zaidi kuliko nilivyotarajia.

"Nani ametunga hii?"

"Sisi sote," nikasema.

Hakuwasha mashine ya kopi. Alifungua droo yake, akatoa kitabu chembamba cha kanuni za mchezo, cha zamani, kilichochakaa pembeni.

"Hiki kilitungwa kwenye meza yangu ya chakula," alisema. "Mume wangu na rafiki zake wanne. Nilicheza nao kila Ijumaa kwa miaka miwili. Kanuni za uchawi zilikuwa hazifanyi kazi, nikazibomoa nikazijenga upya. Kisha nikakipiga chapa chote. Tafuta jina langu humo."

Nilipekua mwanzo hadi mwisho. Halikuwamo.

"Mchapishaji alipouliza nani ametunga, nilisema, 'Sisi sote.' Wenzangu hawakusema hivyo. Wao walitaja majina." Aliifuta miwani yake. "Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, mwanangu. Lakini wema wake haukuandika jina langu."

Alinirudishia jalada. "Mashine hii hutoa kopi ya kile inachopewa. Unataka niipe hiki?"

Nilishuka ngazi. Nilijua nikisema, huenda nisiwe tena na mahali pa kwenda Jumamosi. Mahali palikuwa pabaya, lakini ndipo pekee nilipokuwa napo.

Niliweka jalada mezani. "Huu mchezo nimeutunga mimi. Jina liwe langu."

"Ala! Si tumekushukuru hapo chini?" Duane akasema.

"Mmenishukuru kwa mwandiko."

"Kumbe ana makuu huyu!" Curt akacheka. "Sisi ndio tulioucheza. Mchezo bila wachezaji ni makaratasi tu, dada."

"Sawa," nikasema. "Basi mwambieni Duane ausimulie sasa hivi, bila mimi. Duane, tumefika chumba cha tisa. Ziwa lote limeganda isipokuwa pale juu ya chumba hicho. Kwa nini?"

Duane alipekua karatasi. Jibu halikuwamo. Sikuwa nimeliandika, kwa sababu kila mtu anayevua kwenye barafu analijua, na Duane hajawahi kuvua. Alipekua tena. Kisha, kwa mazoea, akainua macho kunitazama.

Lyle aliangua kicheko. "Anamwangalia Maren!"

"Kuna chemchemi chini," nikasema. "Maji yanayotembea hayagandi upesi. Ndiyo njia ya kutokea."

Lyle alivuta jalada, akakata majina yote matatu, akaandika: *Maren Bakke.* Curt alitazama ukutani. Duane alikuwa mwekundu hadi masikioni.

Bi Pruitt alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. "Duane, kuchukua kazi ya mwenzio ni uongo, hata kama hakukuzuia," alisema. "Na wewe, Maren, 'sisi sote' ulilonijibu kule juu lilikuwa uongo pia. Watu hudhani ni unyenyekevu. Anayeficha jina lake kwenye kazi yake anawafundisha wengine kutomwona. Mimi nilijifunza nimechelewa. Haya, lete, nitoe kopi."

Alipoondoka, Duane alikusanya madadu yake taratibu. Curt na Lyle walivaa makoti. Hakuna aliyenisogelea. Nilihisi baridi, ingawa tanuri lilikuwa linanguruma.

"Utakwenda Milwaukee, sawa," Duane akasema. "Lakini umeniaibisha mbele ya Bi Pruitt na wenzangu. Ungeweza kuniambia pembeni. Angalau omba radhi."

"Siombi," nikasema.