Hatua Kumi na Tatu Hadi Jikoni

Mchapaji alifumba macho, akaanza kuhesabu.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake cha kazi. Mkono mmoja ulishika ukuta. Moja. Mbili. Tatu. Alilipapasa kabati la vyombo, akalikwepa. Alipofika kumi na tatu, vidole vyake viligusa meza ya jikoni. Akafumbua macho upesi, kama mtu aliyekuwa chini ya maji.

Alirudi kwenye kompyuta, akaandika: Mlangoni hadi jikoni, hatua kumi na tatu. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa. Herufi ndogo zilikuwa zimeanza kumkataa.

Hakuna aliyejua. Mume wake, seremala, alikuwa karakanani. Binti yao alikuwa shuleni. Mama mzazi wa mchapaji, ambaye wengine wote nyumbani walimwita bibi, alikaa sebuleni akikunja nguo zilizokauka. Bibi hakuona. Huu ulikuwa mwaka wa tisa tangu macho yake yazimike.

Na hilo ndilo lililomnyima mchapaji raha. Alijiambia, mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa kipofu je?

Kazi yake ilikuwa kuwachapia watu barua, ripoti, kadi za harusi na mikataba ya nyumba. Alichapa haraka na bila kosa, hata wateja wakampa jina la Chapuchapu. Kisha, miezi mitatu iliyopita, skrini yake ya zamani ilikufa. Seremala ni mtu wa moyo mkubwa. Siku ya pili alirudi na runinga pana kama mlango.

"Sasa utachapa kwa raha," alisema. "Kitu kikubwa ndicho kinachoonekana!"

Alitengeneza rafu nzuri ya mbao, akaipigilia ukutani juu ya meza. Akaiweka runinga pale juu, akaiunganisha na kompyuta kwa waya. Nyumba nzima ilishangilia.

Baada ya wiki chache, herufi ziliota manyoya. Kila ikifika saa nne asubuhi, kichwa kilimgonga. Macho yaliwasha kama yametiwa mchanga. Shingo ilikakamaa. Lakini mchapaji hakuishuku runinga. Nani anaishuku zawadi? Alimkumbuka bibi tu. Bibi naye alianza kwa kusema, "Naona ukungu kidogo, utapita."

Siku hiyo hiyo ya kuhesabu hatua, mteja mmoja aliingia na karatasi mkononi.

"Chapuchapu, mimi na wewe tuna ugomvi?" aliuliza. "Umeandika nina miaka themanini na tatu. Mimi nina thelathini na tatu! Nikiipeleka barua hii wataniambia kazi hakuna, nenda ukapumzike na wajukuu."

Mteja alicheka. Mchapaji alicheka pia. Aliikodolea macho skrini. Tatu na nane zilifanana kama mapacha. Alirekebisha barua kwa kuinama na kukaza macho mpaka machozi yakamtoka.

Mteja alipoondoka, alifumba tena macho. Safari hii alitaka kujifunza njia ya sebuleni. Moja. Mbili.

"Kitendawili!" bibi aliita kutoka kwenye kiti chake.

Mchapaji alishtuka. "Tega, mama."

"Nina madirisha mawili. Nikiyafunga, giza linaingia nyumba zote."

Jibu alilijua: macho. Lilimkwama kooni.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Chukua mji wowote, mama."

Bibi aliweka chini shati alilokuwa akilikunja. "Mji siutaki. Niambie mbona unatembea kama mimi."

"Natembeaje?"

"Unaburuta mguu. Unapapasa ukuta. Siku ya tatu leo nakusikia. Mwanangu, mwenye macho hapapasi ukuta mchana."

Mchapaji aliketi sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake. Akaeleza yote: ukungu, manyoya, tatu na nane. "Yamenifikia, mama. Nayajua. Ni yale yale yako."

"Umepimwa?"

"Hapana. Naogopa watakachoniambia."

Bibi alimpapasa kichwa. "Mimi nilisema hivyo hivyo mwaka mzima," alisema polepole. "Nilipokwenda, daktari alisema nimechelewa. Presha ya macho ilikuwa imekula upande huu na upande ule. Woga wangu haukunilinda hata siku moja. Kesho asubuhi utakwenda. Usipokwenda, nitakuburuta mimi, na njia sioni, tutaanguka wote mtaroni!"

Usiku mchapaji alimweleza mume wake yote. Kesho yake alikwenda hospitali, akiwa ameshikwa naye mkono. Daktari wa macho alimsomesha herufi ukutani. Akampima presha ya macho. Kisha akamulika ndani kabisa ya jicho. Mchapaji alishika kiti kwa nguvu hata kucha zikauma.

"Macho yako ni mazima," daktari alisema. "Presha ni ya kawaida. Lakini kwa kuwa mama yako aliugua, uje kupimwa kila mwaka. Ugonjwa ule huja kimya. Ukiwahiwa, unaweza kuzuiwa usiendelee. Sasa niambie, kutwa unaangalia nini?"

"Kompyuta."

"Basi kaichunguzeni hiyo kompyuta. Macho yako yamechoka, hayafi."

Seremala alimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Lakini mchapaji hakutulia. Njiani alijiuliza, kama macho ni mazima, ukungu unatoka wapi? Labda daktari amenionea huruma. Labda hakuona vizuri.

Walipofika nyumbani walimkuta binti amekaa mbele ya ile runinga. Alikuwa akicheza mchezo wa mbio za magari, na alikuwa akigomba.

"Nimekata kona! Nimeshakata, lakini gari linanyooka tu! Linasikia amri yangu likishapinduka!"

Jirani yao alikuwa mlangoni. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye mfuko uliojaa nyaya kila siku, kwa hiyo mtaa ulimwita Fundi Nyaya. Alikuja kuuliza habari za hospitali, na mchapaji akamweleza yote. Alipomsikia binti, aliingia ndani.

"Ngoja," alisema. "Dada, wewe unaona herufi zina manyoya. Mtoto anasema gari linachelewa. Na wote mnatumia runinga hii?"

"Wote."

Fundi Nyaya alikwenda kwake, akarudi amebeba monita ndogo, yaani skrini iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Aliiweka mezani, akaiunganisha. Kisha akafungua ile barua ya mteja.

"Njoo usome, dada."

Mchapaji hakusogea. Kama herufi zingekuwa na manyoya hapa pia, basi ni macho, na daktari amekosea. Alifunika uso kwa viganja.

"Siwezi."

"Soma, mwanangu," sauti ya bibi ilitoka sebuleni. "Mimi ningepewa nafasi hiyo, ningesoma hata karatasi ya kufungia sabuni."

Mchapaji aliondoa viganja. Aliangalia. Tatu ilikuwa tatu. Nane ilikuwa nane. Nukta juu ya i ilisimama peke yake, nyeusi, safi. Alisoma barua yote kwa sauti, tangu tarehe mpaka sahihi, huku machozi yakimtiririka.

"Kumbe nilikununulia ugonjwa," seremala alisema. Alitazama chini.

"Hukununua ugonjwa, shemeji. Ulinunua runinga, na ni nzuri, ila kazi yake si hii," Fundi Nyaya alijibu. "Sikiliza. Picha ya skrini yoyote imeundwa kwa nukta ndogo ndogo. Runinga yenu na monita yangu zina nukta sawasawa kwa hesabu. Lakini kwenye hii yenu zimetawanywa kwenye uso mpana. Kopo moja la rangi ukipaka kiti, rangi inakoza. Ukipaka nyumba nzima?"

"Inapauka," seremala alisema. Hilo alilielewa.

"Ndiyo maana ukikaa mbali sebuleni, picha ni safi. Ukikaa karibu, herufi zinafifia. Tena runinga nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha. Wakati inapamba, gari la binti limeshaingia mtaroni. Zingine zina mpangilio maalumu wa michezo. Nimetafuta, hii haina."

"Nilisema mimi si dereva mbaya!" binti alidakia.

"Hapo sijasema kitu," Fundi Nyaya alimjibu, na bibi akacheka sebuleni.

Jumamosi walikwenda dukani wote watatu pamoja na Fundi Nyaya. Muuzaji alikimbilia kuwaonyesha skrini kubwa iliyopinda, yenye taa nyekundu.

"Hii, mama! Ina taa!" binti alisema.

"Taa ziko mgongoni mwake," Fundi Nyaya alisema. "Utacheza umekaa nyuma yake?"

Aliwaonyesha monita ya inchi ishirini na nne. Meza ya mchapaji ilikuwa ndogo, na mtu hukaa mbali na skrini kiasi cha urefu wa mkono ulionyooshwa. Kwa umbali huo, ukubwa ule ulitosha. Aligusa uso wa monita. Haukung'aa kama kioo cha kujitazama, kwa hiyo mwanga wa dirisha haungempiga mchapaji machoni. Mguu wa monita ulipanda na kushuka.

"Na hii namba?" seremala aliuliza. "Mia moja, halafu herzi. Ni nini?"

"Ni mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde moja. Kwa kuchapa, sitini inatosha. Kwa mbio za magari, mia ni laini zaidi. Lakini msinunue namba ambayo kompyuta yenu haiwezi kuifikisha. Yenu naijua, mia inafika, na waya wa hii unaingia kwenye tundu lake."

Muuzaji alitaka kufunga boksi. Mchapaji alimzuia. "Iwashe kwanza." Aliomba ukurasa mweupe, akatafuta nukta zilizokufa, yaani zisizowaka. Hakuona hata moja. Akaomba herufi ndogo kabisa. Alizisoma bila kuinama. Ndipo akasema, "Andika kwenye risiti kwamba nikiona kasoro nitairudisha."

Nyumbani, seremala aliing'oa rafu yake mwenyewe. Runinga ilihamia sebuleni. Monita ilikaa mezani, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho ya mchapaji. Dirisha lilibaki upande wa kushoto, si mbele wala nyuma. Kila baada ya dakika ishirini mchapaji aliacha kazi kidogo, akatazama mbali nje ya dirisha, akapepesa macho. Wiki ya pili kichwa kiliacha kugonga. Binti alishinda mbio mbili na kuanguka mtaroni mara saba, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.

Siku moja mchapaji alifungua faili lake la siri. Alimsomea bibi yote, akiona haya.

"Mlangoni hadi jikoni, hatua kumi na tatu."

"Uongo," bibi alisema. "Ni kumi na moja. Miaka tisa naipita njia hiyo."

"Nilihesabu vizuri, mama!"

"Hesabu tena. Na macho yawe wazi."

Mchapaji alisimama mlangoni. Akatembea bila kugusa ukuta. Hatua ya kumi na moja ilimfikisha kwenye meza. Aligeuka, akashangaa.

"Kitendawili!" bibi aliita.

"Tega!"

"Kinakaa moyoni, lakini kinafupisha hatua."

Mchapaji alicheka. Safari hii jibu halikumkwama.

"Woga, mama."