Mchicha Wenye Mizizi

Kila Jumamosi, Kijiko, aliyepewa jina hilo kwa kuonja kila kinachopikwa, hubeba kapu la mchicha wa bibi yake hadi ukumbi wa mtaa. Huko Mama Mpishi huwafundisha majirani kupika mboga za mashamba ya karibu. Ana sharti moja: anayeleta mboga hutaja mkono uliozilima.

Jumamosi hii mdogo wake alikuwa na homa, ikabidi Kijiko abaki kidogo kumbembeleza. Kapu akamkabidhi Kasuku, shoga yake; wawili hao waliishi kama chanda na pete.

"Usisimame njiani."

"Wee! Mimi tena?" Kasuku akacheka.

Kijiko alipofika ukumbini, lo! Watu walikuwa wakitema mate. Mchicha waliopika ulijaa mchanga na kunuka mtaro. Kwa kuwa Kasuku alitaja jina la Bibi, ambaye mchicha wake huja umeoshwa, hakuna aliyeuosha tena.

"Mwanangu," Mama Mpishi akasema kwa huzuni, "mwambie bibi yako apumzike. Mboga hizi zitatuletea maradhi."

Apumzike! Tangu Babu afariki, furaha ya Bibi ilikuwa kujua kwamba jina lake linatajwa pale. Kijiko akatazama mabua yaliyobaki mezani. Yalikuwa na mizizi.

"Si wa Bibi huu! Bibi haung'oi mchicha. Huukata kwa kisu ili uchipue tena."

Macho yote yakamgeukia Kasuku.

"Nilisimama kuruka kamba," akanong'ona. "Jua likaunyausha. Nikauficha nyuma ya ukuta, nikang'oa mwingine mtaroni."

"Ukamtwika bibi yangu aibu!" Kijiko akalia. "Ungesema umenyauka, ningekucheka tu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Mama Mpishi akamwomba Kijiko radhi mbele ya wote, kwani naye aliamini jina bila kutazama majani. Kasuku akatumwa kuuleta mchicha aliouficha. Wakautia mchicha wa Bibi kwenye beseni la maji baridi, na baada ya muda majani yakainuka.

"Mchicha huamka kwa maji," Mama Mpishi akamwambia Kasuku. "Rafiki uliyemsaliti haamki upesi hivyo. Ukikosea, sema palepale. Uongo haufuti kosa, hulizalia jingine. Ukitoka hapa, nenda kwa Bibi ukamwombe radhi."

Alikwenda, na Bibi akamsamehe.

Jumamosi iliyofuata Kasuku alimkuta Kijiko njiani na kapu lake. "Nikupokee?"

"Bado," Kijiko akajibu, akaendelea kulibeba mwenyewe.