Nilikwangua Kaburi kwa Wembe

Nina miaka thelathini na minane, mke, na nyumba ya bati hapa Kongowe, Kibaha. Wapitao huisifu. Laiti wangejua imesimama juu ya nani!

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi yangu Tatu, mjane. Mwanawe wa pekee, Saidi, tulikuwa rika moja. Homa ilimchukua, akazikwa nyuma ya nyumba yetu. Kila Shaabani tulifyeka pale, mimi nikishika kata ya maji, shangazi akinyunyiza maji. "Nami mtanilaza hapa, ubavuni mwake," alikuwa akisema.

Ujamaa ukaja, tukahamishiwa kijijini. Kule nyuma kukawa pori, vijiti vya kaburi vikaliwa na mchwa.

Mimi nikawa mchora ramani katika ofisi ya ardhi. Siku moja nikapewa ramani ya zamani ya kwetu niinakili, ili vipimwe viwanja vya mji. Jamani, kila kitu kilikuwemo... nyumba yetu, nukta nyeusi; minazi yetu; na alama ndogo ya kaburi! Nikanakili yote kwa wino. Kisha nikasikia wafanyakazi tutagawiwa viwanja upande ule ule, isipokuwa penye makaburi. Tamaa ikanishika. Nikachukua wembe tuliokuwa tukifutia makosa, nikaikwangua ile alama kwenye nakala yangu... Dakika mbili tu!

Shangazi alipopata habari za viwanja, alikuja ofisini. Bwana ardhi akamfungulia ramani yangu. "Mama, hapa hapana kaburi."

"Basi muulize mwanangu huyu. Ndiye aliyekuwa akinishikia maji."

Wote wakanitazama. Nikasema... "Sikumbuki, shangazi."

Hakulia. Alijitanda kanga yake vizuri, akaondoka.

Nikapewa kiwanja kile kile, nikajenga, na jiko likaangukia pale penyewe penye kaburi. Kila Shaabani shangazi alikuja na kata yake, akamwaga maji kizingitini mwa jiko, akaenda zake bila kugusa hata chai yangu. Mke wangu alidhani ni uzee. Ningemwambia nini?

Mwaka jana shangazi alifariki. Tulimzika Kibuta, kwa ndugu zetu, mbali na mwanawe. Radhi yake nitaipata wapi sasa?

Shaabani hii kata niliishika mwenyewe. Mke wangu akauliza namwagilia nini jikoni. Nikamweleza yote... Tangu siku hiyo anapikia uani, iwe jua, iwe mvua.

Ndugu zangu, kiwanja kisiwapofushe! Mzee wako akikuuliza mbele za watu kama unakumbuka, tafadhali, kumbuka.